Mzizi wa Radi: Dawa ya Baridi Yabisi, au Sumu?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako, au kwa jirani yako, yumo mtu ambaye kila kunapokucha huamka na vidole vigumu kama vijiti vikavu. Hawezi kufunga kifungo, hawezi kukamua nguo, wala hathubutu kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Huketi kitandani saa nzima akivikanda vidole hivyo, na jua likishapanda ndipo vinapoanza kumtii. Ukimwuliza ana nini, atakujibu: baridi yabisi.

Jina hilo ni la kale. Waganga wa zamani waliofuata tiba ya Wayunani na Waarabu waliamini ya kwamba mwili hutawaliwa na joto na baridi, unyevu na ukavu. Na neno "yabisi" maana yake ni kavu. Kwao, kiungo kilichokakamaa kilikuwa kimeingiwa na baridi na ukavu. Cha kustaajabisha ni kwamba Wachina nao, huko upande wao wa dunia, waliyaita maumivu hayo hayo kwa jina la hali ya hewa: fengshi, yaani upepo na unyevu. Kitabu chao kikongwe cha uganga, Huangdi Neijing, chaeleza kwamba upepo, baridi na unyevu vikikutana mwilini ndipo viungo huuma. Sisi twasema ukavu, wao wasema majimaji. Juu ya baridi tumekubaliana.

Sayansi ya leo imeongeza jambo ambalo wazee wale hawakuwa na vyombo vya kuliona. Chini ya jina hilo moja la baridi yabisi mmejificha maradhi mengi. Yapo yatokanayo na uzee, viungo vikiwa vimelika kwa kazi ya miaka mingi. Lakini yapo mengine ambayo humpata hata kijana, huvamia viungo vya mikono yote miwili kwa pamoja, na huwashika wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Haya hutokana na kinga ya mwili kugeuka. Hebu fikiria sungusungu waliowekwa kulinda kijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe, kisha usiku mmoja wakaanza kuvunja milango ya wenye kijiji. Ndivyo kinga ifanyavyo: badala ya kupiga vijidudu, hupiga utando laini ulio ndani ya viungo, ukavimba, ukala gegedu, na mwishowe ukala mfupa. Ugonjwa wa lupasi ni wa ukoo huo huo, ila wenyewe hauishii kwenye viungo. Huweza kufika kwenye ngozi, damu na figo.

Maradhi haya hayana dawa ya kuyang'oa kabisa. Hospitali zina dawa za kuyatuliza. Mojawapo ni methotreksati, ambayo mgonjwa wa viungo huimeza mara moja tu kwa juma. Nyingine ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyoimeza sote utotoni kwa ajili ya malaria. Tatizo la dawa hizi ni kwamba hazina haraka. Mgonjwa humeza juma la kwanza, la pili, la tano, na maumivu yapo pale pale; nafuu huja baada ya miezi miwili au mitatu. Katika miezi hiyo ndimo watu wengi wanamokata tamaa, na ndimo anamoingia mwenye pakiti.

Nalieleza jambo hili kwa sababu limepita nyumbani kwetu. Shangazi yangu ni fundi cherehani. Alipoona juma la sita linakwisha na bado hawezi kushika mkasi, aliacha vidonge vya hospitali na kununua dukani pakiti yenye maandishi ya Kichina. Muuzaji alimwambia ni miti shamba mitupu, haina kemikali hata chembe. Siku ya tatu alikuwa anapiga magoti kusali. Tulifurahi, tukamsifu Mchina. Mwezi wa nne uso wake ulikuwa umevimba ukawa duara kama mwezi mpevu, sukari imepanda, na ngozi ya mikono ikifanya madoa ya damu kwa kuguswa tu. Kisha pakiti zikaadimika dukani. Siku chache baadaye alianza kutapika, akaanguka jikoni, tukamkimbiza hospitali na mapigo yake yakiwa hafifu.

Daktari hakushangaa. Alisema kwamba dalili zote zile, tangu nafuu ya siku tatu mpaka kuanguka, ni dalili za mtu aliyekuwa akila steroidi pasipo kujua. Steroidi huzima uvimbe upesi sana, lakini ukizila kwa miezi, tezi za mwili zinazotengeneza dawa hiyo kwa asili hulala. Ukiziacha ghafla, mwili hubaki mtupu. Jamaa mmoja aliyesoma China alitusomea ile pakiti. Iliandikwa kwamba yafukuza upepo, yakausha unyevu na kutia nguvu mifupa. Jina la mmea hata mmoja halikuwamo.

Haya si mambo ya duka moja wala ya nchi moja. Huko Taiwan, ambako watu wanaijua tiba ya Kichina kuliko sisi, watafiti walichunguza dawa za namna hiyo 2,609 na kutangaza matokeo mwaka 1997: karibu robo yake zilikuwa zimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani, zikiwemo za kutuliza maumivu na steroidi.

Je, tuseme basi kwamba dawa za Kichina za maradhi ya kinga ni ulaghai mtupu? La, hasha. Kufanya hivyo kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Ipo mizizi ambayo imepimwa kwa haki na ikaonekana ina nguvu ya kweli. Nguvu hiyo ndiyo inayotutaka tuwe na hadhari.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi Wachina walivyoishughulikia hazina yao. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 nchi yao ilikuwa na watu mamia ya milioni na madaktari wachache. Serikali mpya haikuwatupa waganga wa jadi. Iliwaingiza vyuoni na hospitalini, na mwaka 1958 Mwenyekiti Mao aliandika kwamba uganga wa China ni hazina kubwa ipasayo kuchimbwa. Kuchimba si kusifu. Mwaka 1967 serikali yao ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale, wakakuta katika kitabu cha Ge Hong wa karne ya 4 maelezo ya kuloweka mmea wa qinghao katika maji na kuukamua. Hakusema uchemshwe. Mama huyo akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo, na dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ile dawa ya mseto anayopewa mwanao zahanati asili yake ni kazi hiyo. Lakini angalia, msomaji: katika kidonge cha mseto hamna jani. Mna kitu kilichotolewa kwenye jani, kikasafishwa, kikapimwa uzito wake, kikajaribiwa kwa wagonjwa.

Sasa tuje kwenye mzizi wenyewe. Kusini mwa China huota mmea utambaao uitwao lei gong teng, yaani mtambaazi wa mungu wa radi. Wataalamu wa mimea huuita Tripterygium wilfordii. Wakulima waliujua kwanza kama sumu: walisaga mizizi yake wakaua wadudu waharibifu wa mboga. Majani na maua yake huweza kumwua mtu, na asali ya nyuki waliotembelea maua ya jamii hii ya mimea imewahi kuua watu huko China. Sehemu itumikayo kuwa dawa ni mti wa ndani wa mzizi, baada ya kubanduliwa magamba yake yote kwa uangalifu, na hata huo ulichemshwa kwa muda mrefu. Mganga aliyeukwangua mzizi kwa pupa aliweza kumzika mgonjwa wake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa China waliujaribu mzizi huu kwa wagonjwa wa viungo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 hospitali moja ya Nanjing, katika jimbo la Jiangsu, ikaanza kuutumia kwa maradhi ya figo. Baadaye viwanda vikautengenezea vidonge vyenye kiasi kinachojulikana. Wagonjwa walipata nafuu. Lakini nafuu hiyo ilitoka kwenye mzizi, au kwenye matumaini? Swali hilo hujibiwa kwa njia moja: kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wakapewa dawa, hawa wakapewa kidonge kitupu kinachofanana nayo, na asijue mgonjwa wala daktari nani kapewa kipi.

Majaribio ya namna hiyo yalifanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002. Yalikuwa madogo, wagonjwa 35. Miongoni mwa waliotumia dawa kwa majuma 4 au zaidi, waliopewa kiasi kikubwa walikuwa 10, na 8 kati yao walipata nafuu iliyokubalika kwa vipimo. Waliopewa kiasi kidogo walikuwa 10, wakapona maumivu 4. Na katika 12 waliopewa kidonge kitupu hakupatikana hata mmoja. Mwaka 2009 yakatangazwa mengine, pia ya Marekani, ya wagonjwa 121, ambapo dawa ya mzizi ilishindanishwa na salfasalazini, dawa ya hospitali ya siku nyingi. Baada ya majuma 24, asilimia 65 ya waliopewa mzizi walipata nafuu, dhidi ya asilimia 33 ya wenzao. Hata hivyo, wengi wa pande zote mbili walikuwa wameacha dawa njiani, jambo linalopunguza uzito wa hesabu hizo.

Yaliyonivutia zaidi ni majaribio yaliyofanywa China yenyewe na kutangazwa mwaka 2015. Wagonjwa 207 waligawanywa makundi matatu: methotreksati peke yake, mzizi peke yake, na vyote viwili pamoja. Kipimo kilikuwa kigumu, yaani ugonjwa upungue kwa nusu. Waliofikia kipimo hicho baada ya majuma 24 walikuwa asilimia 46 kwa methotreksati, asilimia 55 kwa mzizi, na asilimia 77 kwa waliopewa vyote viwili. Yapo ya kukosoa. Wagonjwa na madaktari walijua nani anakula nini, na kiasi cha methotreksati kilikuwa miligramu 12.5 kwa juma, ambacho mahali pengi huhesabiwa kuwa kidogo. Pamoja na hayo, mshindi hakuwa Mzungu wala Mchina. Waliofaulu zaidi ni wale waliokula dawa za pande zote mbili, mbele ya daktari mmoja.

Lakini mzizi huu hufanyaje kazi? Katika mzizi mna kitu kiitwacho triptolidi, kilichotengwa na wanakemia mwaka 1972. Kila seli ya mwili wetu ina maagizo ya urithi, nayo huyasoma ili itengeneze vitu vyake. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba triptolidi huikamata sehemu mojawapo ya mtambo wa kusomea maagizo hayo. Seli za kinga zilizochachamaa, zikishindwa kusoma, hushindwa pia kutoa vichocheo vya uvimbe. Sungusungu wetu wananyang'anywa filimbi.

Bahati mbaya triptolidi haibagui filimbi za watu. Seli zote zinazofanya kazi kwa wingi huguswa. Katika miaka ya 1980 madaktari Wachina waligundua kwamba wanaume waliokuwa wakitibiwa kwa mzizi huu hawapati watoto. Mbegu zao zilikuwa zimepungua mno na kulegea. Hata ikafikiriwa kuufanya dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume! Kwa wanawake, hedhi huvurugika au kukatika, na kadiri mama anavyokaribia miaka 40 na kuipita ndivyo uwezekano wa kutorudi tena unavyoongezeka. Tumbo husumbuka, chembe nyeupe za damu hupungua, ini na figo huweza kudhurika. Kwa sababu hiyo huko China kwenyewe dawa hii haifai kupewa watoto, wala wajawazito, wala watu wanaotazamia kuzaa. Uingereza nayo, mwaka 2011, mamlaka ya dawa iliwaonya wananchi wasiitumie.

Natumaini msomaji ameona ukali wa jambo hili. Ugonjwa huu hupenda kuwashika wanawake, na wengi huwashika wangali katika umri wa kuzaa. Dada wa miaka 26 anayenunua pakiti isiyo na jina ili aweze kupiga taipu asubuhi, huenda ananunua vidole vyake kwa bei ya watoto ambao hajawazaa. Muuzaji hakumwambia, na pengine hata yeye hajui.

Si mizizi yote iliyo mikali hivyo. Mzizi wa ua liitwalo bai shao hutolewa vidonge ambavyo serikali ya China iliviidhinisha mwaka 1998 kwa ugonjwa huu wa viungo. Nguvu yake ni ya upole, na kero yake kubwa ni kuharisha. Upo pia mtambaazi qing feng teng, ambao dawa yake hutumika sana hospitalini kwao. Lakini majina haya ya Kichina yana mtego, na mtego huo umekwisha kunasa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wateja wake mchanganyiko uliokusudiwa kuwa na mzizi wa fang ji, mzizi ambao Wachina huutumia pia kwa maumivu ya viungo. Kulikuwa na fang ji mbili. Moja haikuwa na lawama, ya pili ilikuwa na asidi ya aristolokia, sumu ya figo. Ikaingia ya pili. Zaidi ya watu 100, karibu wote wanawake, walidhurika figo. Wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine, na miaka ya baadaye baadhi wakaonekana na saratani ya njia ya mkojo. Yote hayo kwa mizizi miwili kuitwa jina moja.

Nasi Watanzania si wageni katika mambo haya. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964, nao hutoka jimbo la Jiangsu, kule kule Nanjing iliko. Bara walifika mwaka 1968. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa zetu za asili, ambacho leo ni taasisi kamili, na mwaka 1987 nchi zetu mbili zilianza kushirikiana hapo hapo Muhimbili kujaribu tiba za jadi za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI, ugonjwa ambao kinga yake imeanguka, kinyume cha huu wetu. Sheria ya mwaka 2002 ililianzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye kuwasajili waganga, vituo na dawa. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kumwuliza mwenye duka: dawa hii imesajiliwa? Ndani yake mna mmea gani? Asipojibu, rudisha mkono mfukoni.

Nao madaktari wetu, kwa heshima zote, wana sehemu yao ya lawama. Mgonjwa huogopa kusema kwamba anakula miti shamba kwa sababu ajua atakaripiwa mbele ya watu. Akinyamaza, daktari huandika dawa juu ya dawa asiyoijua, na ini la mgonjwa huubeba mzigo wa zote mbili. Shangazi alifika kliniki mara mbili uso ukiwa umeshavimba, na mara zote mbili aliiacha ile pakiti nyumbani. Mara ya tatu alibebwa. Ukienda kliniki, ichukue pakiti uiweke mezani, hata ikiwa na Kichina kitupu, na umwombe daktari apime damu, ini na figo. Na usiache vidonge vya hospitali, hasa prednisoloni, kwa siku moja kwa sababu tu umepata nafuu kwingine. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari.

Shangazi amerudi kwenye methotreksati. Humeza kila Jumapili baada ya chai, na kuitia alama siku hiyo kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya cherehani, maana kuimeza kila siku kwa kusahau ni hatari kubwa. Ilimchukua juma la kumi ndipo aliposhika mkasi. Bado ana siku mbaya, hasa miezi ya masika, na siku hizo huniambia kwamba Wachina walisema kweli juu ya unyevu. Juzi aliniuliza kama ule mzizi wa radi wa vidonge vya hospitali, si wa dukani, utapata kuletwa Muhimbili ujaribiwe. Ana miaka 58, asema yeye wa kuzaa amekwisha kuzaa.